Kura ya Mwana wa Mchimba Makaa

Kwa miaka minne nilimwuguza bibi mmoja aliyepumua kwa mashine. Nyumba ilikuwa ya mwanawe, mbunge katika bunge la jimbo, juu ya kilima kisicho mbali na mtaa wa Malvern ninakopanga chumba. Mimi ni mtu wa Tanga, mhamiaji huku kusini. Bibi nilimwita Gogo, kama Wazulu wanavyowaita bibi zao, na mwanawe nilimwita Baba, neno ambalo lugha zetu zote mbili zinalo, ingawa tulizungumza Kiingereza, kila mtu na makosa yake.

Mume wa Gogo alichimba makaa ya mawe maisha yake yote, huko mashariki kwenye migodi inayolisha mitambo ya umeme. Gogo alipika, akaanika nguo na kulea watoto chini ya moshi ule, mpaka mapafu yakamwishia. Lakini usimguse kwenye chama chake. Kilikuwa chama cha watu wa desturi, cha kanisa na cha mgodi, na kila Jumapili alinitaka nimfunge kitambaa cha rangi za chama kichwani, hata alipokuwa hawezi tena kutoka kitandani. Mwanawe alikuwa ameingia bungeni kwa chama hicho hicho.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu ukaletwa muswada wa tabianchi. Ulitaka viwanda vikubwa vipunguze moshi mwaka hadi mwaka, na watu wanaoishi kando ya mito wahamishiwe mahali pa juu. Chama kiliupinga tangu siku ya kwanza. Kilisema ni sheria ya kuwanyang'anya watu kazi, iliyotungwa na watu wenye shibe.

Asubuhi moja Baba alinikuta jikoni nikimkorogea mama yake uji. Akavuta kiti.

"Nimesikia uliwahi kuishi kwenye vibanda vya Alexandra, karibu na mto."

"Ndiyo, Baba."

"Nieleze yaliyokupata, kama unaweza."

Katika nyumba ile sikuwa nimewahi kuyasema. Nilizima jiko nikamweleza. Mvua ilinyesha mchana, na mto Jukskei ukapanda haraka kuliko tulivyozoea. Mimi na mume wangu tulimbeba binti yetu, tukapanda hadi barabarani. Tulipofika juu mume wangu akakumbuka mkoba wa vibali vyetu vya kuishi nchini, uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango. "Narudi sasa hivi," akasema. Nilimwona akiingia. Kisha kibanda chetu kikaondoka chote, kama kitu kilichovutwa kwa kamba. Walimpata siku ya pili, mbali sana huko chini, na watu wa msikitini wakanisaidia kumzika.

Baba hakuandika chochote. Uji ulikuwa umeganda juu.

"Naweza kuyasema haya bungeni? Jina lako sitalitaja."

Nilimwomba nifikirie. Jioni nikamwuliza binti yangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Yatabadilisha nini, mama?" akauliza.

Hata hivyo, kesho yake nilimwambia Baba aseme. Nilikuwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka.

Walikuwa watatu ndani ya chama walioahidiana kuupigia muswada kura ya ndiyo. Kwa hesabu yao, kura tatu zilitosha kuupitisha. Mnadhimu wa chama, anayesimamia kura za wabunge wake, alikuja nyumbani mara mbili kumbembeleza Baba, na mara ya tatu hakubembeleza.

Siku ya kura nilikaa na Gogo mbele ya televisheni. Baba alisimama, akakieleza kisa changu polepole bila kuongeza chumvi. Alipofika kwenye mkoba wa vibali, mtu kutoka viti vya chama chake akapaza sauti:

"Huyo mama ana kura hapa?"

"Arudi kwao," akadakia mwingine. "Kwani kwao hakuna mito?"

Watu wakacheka. Si wote, ila walitosha. Gogo alinitazama, kisha akageuza uso ukutani. Nilimrekebishia mpira wa hewa puani kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi.

Majina yalipoitwa, Baba alisema ndiyo. Wenzake wawili waliitwa, wakaitwa tena, viti vyao vitupu. Baadaye walieleza kwamba walikuwa msalani. Muswada ukaanguka.

Baba alirudi jua likiwa bado halijazama, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake.

"Mama, umeona."

"Nimeona. Makaa ndiyo yaliyokusomesha."

"Na ndiyo yaliyokula mapafu yako."

Gogo akaweka mkono juu ya mashine. "Na hii inayonipa pumzi, unadhani inazungushwa na moto gani?"

Nimelifikiri swali lile mara nyingi tangu hapo.

Wiki ile ile chama kilimfukuza, na kiti chake kikapewa mwingine. Wale wawili wa msalani walibaki, mmoja akapandishwa cheo. Kanisani kwao watu walianza kuliacha tupu benchi alilokalia Baba. Gogo hakumsemesha tena mwanawe. Akitaka kitu alinituma mimi, na Baba akasimama mlangoni akisikiliza ninavyoyarudia maneno ya mama yake. Mwishowe Gogo aliomba apelekwe kwa dada yake, kule kule kwenye migodi. Aliondoka na mashine yake na kitambaa chake. Alifariki kabla baridi haijaisha. Nilipigiwa simu baada ya mazishi.

Baba aliuza nyumba akahamia pwani kwa wakweze. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili.

"Nisamehe," akasema. "Nimeutoa moyo wako nje bure."

Nilimwambia hakuna neno. Nilikuwa namwongopea.

Sasa nasuka nywele kwenye saluni ya Mkongo mmoja, barabara ya Jules, hapa Malvern. Mvua zilizopita, mteja mmoja alinituma nimpelekee nywele za kusukia Alexandra, na miguu ikanishusha hadi mtoni. Pale palipokuwa petu, msichana mwenye mimba alikuwa akijenga kibanda. Nilimwambia mto huu hupanda.

"Najua, mama," akasema. "Huko juu hakuna nafasi."

Alikuwa na nyundo mkononi na bati linamteleza. Nikamshikia, naye akapigilia misumari.