Diski Tano za Asajile

Asajile alinunua kasha la seva kwa kilo, kama watu wanavyonunua nondo chakavu. Lilitoka katika ofisi moja ya mizigo iliyofungwa hapa mpakani, na muuza vyuma hakujua ni kitu gani. Alilipima kwenye mzani wake pamoja na rimu za gari. Ilikuwa mwaka 2013. Mimi, Fanueli, natengeneza kompyuta katika chumba kilichopakana na studio yake ya video hapa Tunduma, nikamwambia amenunua jeneza. Akacheka. Tangu afe sipendi kuukumbuka utani ule, lakini niliusema.

Alikuwa mpiga video wa harusi, kipaimara na misiba, mtu wa milimani Ileje, mwembamba, msemaji kupita kiasi. Hapo ndipo wateja walipomlalamikia. Bwana harusi anavishwa pete, na nyuma ya kamera unamsikia Asajile akimsifia mpishi, akimuuliza mtoto wa watu jina lake. Kwa hiyo kwenye DVD za wateja aliifuta sauti yote na kuweka kwaya juu yake. Video mbichi, zenye maneno yake, hakufuta hata moja. Hizo ndizo zilizohitaji seva, kompyuta ya kutunzia mafaili mengi.

Tuliijenga kwa miezi mitatu. Feni zake za zamani zilinguruma kama mashine ya kusaga, mpangaji wa upande wa pili akaja juu, tukaweka nyingine ndogo. Mazabodi, yaani ubao mkuu, ya kompyuta ya kawaida haikuoana na matundu ya kasha. Frida, mkewe, ndiye aliyeshika tochi tulipotoboa upya, na ndiye aliyeandika namba kwenye diski kwa rangi ya kucha, moja hadi tano. Mbili zilitoka Dar kwa basi, moja alivuka mpaka kuinunua Nakonde, upande wa Zambia, mbili nilimtafutia mimi. Nikampangia hivi: kila video inakatwa vipande, na vipande vinagawanywa kwenye diski zote tano. Moja ikifa, nne zilizobaki zinaziba pengo. Zikifa mbili, huna kitu. Nilijivunia sana mpango huo.

Mwaka uliofuata, akitoka harusini Mlowo, pikipiki yake iligongwa na lori. Sina cha kuongeza hapo.

Frida hakulia msibani, na watu walimsema. Alikaa kwenye mkeka akijibu salamu, akila akiambiwa ale. Nilimwelewa, kwa sababu nami nilikuwa ganzi tupu. Nilifungua duka, nikatengeneza printa za watu, nikafunga.

Karibu na siku ya kuanua matanga, Gwakisa, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na gari kuchukua vitu vya studio. Kasha lilikuwa zito, akaliacha kwangu, akaniomba nitoe diski tu. Nikazitoa. Nilidhani wanakwenda kuzihifadhi. Siku yenyewe, kule Ileje, nikazikuta zimepangwa kwenye mkeka pamoja na makoti, viatu na kamera, na shangazi yao anagawa, kila ndugu na chake, kama inavyofanyika. Akasema kazi za Asajile zimo ndani ya vyuma hivi, basi kila mmoja apate kidogo. Moja kwa mama mzazi wa marehemu, moja kwa Gwakisa, moja kwa Osea mdogo wao, moja kwa dada yao Gwalugano, moja kwa Frida. Watu wakaona ni haki, na kwa macho yao ilikuwa haki. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wageni na sikufungua mdomo. Si wa ukoo ule, ningeanzaje kumkatiza shangazi wa watu? Ndivyo nilivyojiambia, lakini ulikuwa woga.

Miezi miwili baadaye Frida aliingia dukani kwangu na diski yake, akaiweka mezani. Akaniambia hana hata kipande cha video chenye sura ya mumewe, maana siku zote Asajile ndiye aliyeshika kamera.

"Nataka kusikia sauti yake," akasema. "Imeanza kunipotea."

Alisema kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Ndipo nikamweleza nilichopaswa kueleza siku ile Ileje, kwamba moja peke yake haina kitu, na kwamba tunahitaji nne. Hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu.

Tukaanza kuzikusanya. Gwalugano alikuwa ameiweka yake kabatini na vikombe vya wageni, akaitoa. Gwakisa naye akatoa. Osea anaishi Ivuna, ana banda la video la jenereta. Yake alikuwa ameshaifuta na kujaza sinema za kupigana. Alipoelewa alishika kichwa, kijana wa watu, akaomba radhi mara nyingi, lakini vipande vilikuwa vimefutika. Sasa tulikuwa na tatu. Ya nne ilikuwa kwa mama yao.

Tulimkuta uani anachambua maharage. Frida akapiga goti, akamsalimu, akaeleza shida yetu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na diski imefungwa kwenye kipande cha kanga. Hakumpa. Aliishika tu.

"Mlisema yumo humu," akasema.

Frida akajibu kwamba yumo, lakini ni kipande, na kipande hakiwezi kusema peke yake.

"Mimi sijataka kiseme. Nalala nacho." Akamtazama mkwewe. "Nikikupa, kikaharibika kama cha Osea, mimi nabaki na nini, mwanangu?"

Ningeweza kuapa kwamba hakitaharibika, ila mitambo ya zamani naijua. Frida naye hakumbembeleza. Alivuta ungo, wakachambua wote mpaka maharage yakaisha, tukaaga.

Alhamisi iliyofuata mama alishuka kwenye Hiace stendi ya Tunduma, peke yake, diski iko kifuani. Dukani kwangu akasema ataiingiza mwenyewe. Nikamwonyesha nafasi yake, akaisukuma polepole, kisha akaketi kwenye stuli mbele ya kioo cha kompyuta na kuweka kiganja juu ya kasha. Nikawasha. Diski tatu ziliamka. Ya kwake ikachelewa, nikaogopa kweli, halafu nayo ikaamka. Nikafungua video ya kwanza iliyojitokeza, harusi ya watu tusiowajua, Vwawa.

Wageni wanacheza wakipeleka zawadi. Mwanamke mmoja mnene amesimama mbele ya kamera, amewaziba maharusi wote wawili. Mara ikaja sauti ya Asajile, karibu kabisa, ya siku zote: "Mama, samahani, sogea kidogo. Hapo hapo. Asante, mama."

Frida aliziba mdomo kwa kanga. Mama mkwe wake aliondoa kiganja kwenye kasha, akainuka, akaisogeza stuli yake kidogo pembeni, akaketi tena.