Eti injinia akifungua kitabu hajasoma

Leo nimechekwa saiti, mbele ya mafundi wote, kwa sababu nilifungua kitabu.

Bado nina hasira, kwa hivyo nivumilieni.

Ni nyumba ya ghorofa hapa Malindi, na leo ndiyo siku ya kumwaga zege la juu. Nafika tu, mwenye nyumba, Mzee Shee, ananiambia anataka roshani itokeze nje zaidi. Leo hii!

Nikatoa kitabu changu cha kanuni nipige hesabu upya.

Mzee akapaza sauti: "Injinia gani huyu, anaibia kama mtoto kwenye mtihani? Binti, kwani hukusoma?"

Mafundi wakaangua kicheko.

Jamani! Kanuni nazijua. Lakini roshani ile watachezea wajukuu zake yeye, na mimi ni binadamu, naweza kusahau tarakimu moja.

Nikakifunga kitabu mkononi, maana maalimu alishafika kuisomea dua nyumba kabla ya zege. Maalimu huyu sura ya Yasini anaijua kwa moyo tangu utotoni.

Akafungua msahafu.

Hakucheka mtu.

Alipomaliza nikauliza, kwa adabu zote: "Mzee wangu, mbona maalimu amefungua msahafu, na Yasini yote anayo moyoni?"

"Ili asikosee hata herufi moja," akanijibu upesi.

Kisha akakitazama kitabu mkononi mwangu.

Radhi hakuniomba. Aliwageukia mafundi tu: "Nyamazeni, injinia anasoma."

Haya semeni, nimemvunjia heshima?

Maana nilisoma mpaka mwisho. Na hesabu imekataa: roshani haiongezwi hata inchi moja.