Bibi Harusi wa Koboko na Jino la Akili

Siku yangu ya kwanza kazini, pale hospitali ya Arua, Afisa Meno Mkuu hakunipa koleo. Alinipa beseni, maji ya vuguvugu na chumvi. Nilinuna, maana nilikuwa nimetoka chuoni mikono ikiniwasha kung'oa.

"Koleo iko, haitakimbia," alisema. "Kwanza jua kuosha."

Ninyi vijana wa leo mna eksirei kwa kila gego. Sisi tulitumia macho na kidole. Jino la akili, yaani gego la mwisho kabisa, likikwama njiani hubaki limevikwa kikofia cha ufizi. Chakula huingia chini yake kikaoza, ufizi ukavimba, taya zikakaza. Tuliosha chini ya kikofia kwa bomba la sindano yenye ncha butu, tukatoa dawa, na jino likasubiri uvimbe ushuke.

Baadaye nilihamishiwa Koboko. Huko mama mmoja wa Kinubi alimleta binti yake, Zainabu, shavu limevimba, mdomo haupitishi hata kijiko, na nikaha ni Ijumaa. Nyumbani walikuwa wakimkanda shavu kwa chumvi ya moto iliyofungwa kitambaani, kama tunavyofanya kwa kila uvimbe. Kwa jino, moto wa nje unaweza kuvuta usaha utokee shavuni, ukaacha kovu la maisha. Niliogopa kweli.

"Ng'oa leo, dada! Wageni iko njiani kutoka Oraba."

"Mama, leo hapana. Chumvi weka ndani ya maji, asukutue. Huku nje usiguse tena."

"Na kama Ijumaa mdomo haifunguki?"

Nilitaka kumwambia subira huvuta heri, lakini nani humwambia hivyo mama wa bibi harusi?

"Basi mutanitukana mbele ya watu," nikasema.

Niliosha, nikampa dawa, na kila asubuhi alirudi nikaosha tena.

Ijumaa nilialikwa, nadhani ili nitukanwe vizuri. Shangazi wa bwana harusi alipomlisha Zainabu tonge la kwanza, nilimkazia macho mdomoni. Akafungua mdomo, akatafuna polepole, akameza. Mama yake alinitazama toka mbali, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Jino lenyewe nilikuja kuling'oa baada ya fungate.

Sasa nimestaafu, nakaa mtaa wa Oli, Arua, na moyo wangu umeridhika. Nikienda harusini wenzangu hutazama dhahabu na nguo. Mimi humtazama bibi harusi anavyotafuna, na akimeza vizuri ndipo nami nanawa mikono nile.