Aliyekunywa Baiskeli

Melkiades ni fundi baiskeli. Kibanda chake kimepakana na cherehani yangu, na kwa miaka sita sijawahi kumaliza sentensi moja mbele yake bila kusahihishwa. Alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, akasoma hukohuko, akarudi Burundi na magodoro mawili na Kiswahili cha redio. Sisi wa Rumonge tuna Kiswahili chetu, tumekichanganya na Kirundi na Kifaransa, na tunaelewana vizuri kabisa. Yeye hapana. Ukimwambia, "Mume wangu iko Bujumbura," ataweka pampu chini, atafuta mikono, halafu atakujibu polepole, "Yupo, Mama Fahmi. Mume yupo. Treni ndiyo iko." Na treni yenyewe hapa hatuna.

Mimi naitwa Sheikha. Nashona kanzu na magauni ya harusi, na ulimi wangu unajulikana kuanzia sokoni mpaka bandarini. Nawasimulia habari za Melkiades kwa sababu wimbo wake ulibakiza kidogo tu umkoseshe mume Aya, binti wa kaka yangu.

Maana huyu fundi ni mtunzi pia. Ana gitaa ambalo waya wake mmoja ulikatika zamani, akaweka waya wa breki ya baiskeli mahali pake, na ukiupiga unalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nilimwambia siku moja kwamba gitaa lake lina breki kuliko yeye. Hakucheka.

Mke wake, Speciosa, alimwacha miaka miwili iliyopita, akachukua mtoto wao akaenda kwa kaka yake Nyanza-Lac. Basi Melkiades akaanza kutunga nyimbo za huzuni. Speciosa kamwacha njiani, Speciosa moyo wake mgumu, Speciosa hata hakugeuka nyuma. Wanawake walikuja na kazi zao mkononi, wakakaa mbele ya kibanda, wakalia. Nililia na mimi, mpaka nikamshonea mteja kola upande. Tukimuuliza sababu ya mke kuondoka, alikuwa anashusha pumzi, anamimina chai kidogo kutoka kwenye chupa yake nyekundu ya kutunzia chai, anakunywa, anasema, "Mapenzi hayana sarufi, Mama Fahmi."

Chai hiyo hakumkaribisha mtu. Hata siku moja. Hapa kwetu mtu anayekunywa chai peke yake mbele ya watu ni mchoyo, na mimi nilimwita hivyo kwa jina. Alikuwa anaifunga chupa na kuisogeza nyuma ya matairi.

Mwaka jana, mwezi wa tano, akatoa wimbo wa kuchekesha. Ulianza hivi:

Alikunywa baiskeli, akaanza na kengele,
akainywa tairi ya nyuma, akainywa na ya mbele,
akanywa shuka la kitanda, akanywa na chandarua,
mke alipomuuliza, akasema mwizi kaingia ua.

Mteja mmoja akaurekodi kwenye telefone. Wiki haikuisha wimbo ukawa umefika Minago, na kule Gitaza wanawake walikuwa wanageuza ndagala juani kwa kuufuata. Kila mtu akawa na swali moja: ni nani huyu aliyekunywa baiskeli?

Ikasemwa ni Feruzi.

Feruzi ndiye mchumba wa Aya. Kazi yake ilikuwa kubeba mikungu ya michikichi kwa baiskeli, kutoka mashambani mpaka kwenye mashine za kukamua mawese. Sasa, wiki ileile wimbo ulipotoka, akaonekana anatembea kwa miguu. Ikasemwa baiskeli imeishia kwenye chupa. Ikasemwa kumbe hawa wa safu ya mbele msikitini ndio walevi wenyewe. Maneno hapa yanatembea, huwezi kujua yametoka kwa nani.

Ukweli ni kwamba Feruzi aliiuza baiskeli ili mama yake akapasuliwe macho Bujumbura. Hakusema kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Na aliposema, alikuwa ameshachelewa, maana watu walijibu kwamba kila mlevi ana mama mgonjwa. Watoto wa shule wakimwona walikuwa wanapiga kengele za mdomo.

Kaka yangu Yasser ana butike ya vitenge na mchele, na hapendi kuchekwa. "Mimi siwezi kumpa binti yangu mtu aliyekunywa baiskeli," akasema. "Akimaliza baiskeli ataanza butike." Akatoa siku tatu. Ikifika Jumapili alasiri, mwenye wimbo aje nyumbani kwake atamke mbele ya watu kaimba nani. Asipokuja, posa inarudi kwa wenyewe.

Aya akaja kwangu Alhamisi asubuhi, macho yamevimba. Akakaa juu ya mzigo wa vitambaa, akasema, "Shangazi, wewe unajua kila kitu cha hapa Rumonge. Niambie nani alimtaja Feruzi." Nikajifanya natafuta sindano. Nikamwambia aache kulia, nitaongea na Melkiades.

Nikatoka, nikaingia kibandani. Alikuwa ananyoosha spoki.

"Umemwimba nani?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu, Mama Fahmi. Hiyo ni nafsi ya tatu. Yeye. Yeye anaweza kuwa yeyote."

"Yeyote ana harusi mwezi huu, na wewe unaivunja."

"Mimi sikumtaja Feruzi."

Tukabishana mpaka koo likanikauka. Nikaona ile chupa nyekundu nyuma ya matairi, nikasema leo uchoyo wake utakwisha. Kabla hajainuka nilikuwa nimeshafungua, nimejaza kifuniko, nimekigeuzia kinywani chote.

Haikuwa chai. Ilikuwa kanyanga, ile pombe ya kupikwa vichakani ambayo polisi wanaimwaga wakiikuta. Mimi, binti wa Haji, ambaye hata mkate wenye harufu ya hamira unanitia wasiwasi. Ilinichoma kuanzia ulimini mpaka mahali ambapo sitapataja. Niliitema yote juu ya tairi ya mteja, nikakohoa, nikalia, nikaomba maji, na maji hakuwa nayo.

Melkiades hakucheka na hakuniomba radhi. Alikaa chini kwenye boksi la misumari, mikono juu ya magoti. Nilipopata pumzi nikakiangalia kile kibanda kama ndiyo mara yangu ya kwanza kuingia. Baiskeli tano zilikuwa zimening'inia, zote za watu. Siku zote hizo niko jirani na fundi baiskeli asiye na baiskeli, na sikuliona hilo.

"Baiskeli ya Speciosa iko wapi?" nikauliza.

Safari hii "iko" yangu ilikuwa sahihi, au labda hakuwa na nguvu ya kunisahihisha.

"Nilimwambia imeibiwa," akasema.

"Na shuka?"

"Na shuka."

"Basi wimbo wako una kosa la sarufi."

Hapo akainua kichwa. Mtu huyu ungeweza kumtukana baba yake akanyamaza, lakini sarufi hapana. "Kosa wapi?"

"Mwanzo kabisa. Umeweka A. Hapo inakaa Ni."

Akaokota ile spoki, akaigeuza vidoleni. Nje mtu alipita anaendesha baiskeli yenye mnyororo mkavu, na nadhani sote wawili tuliusikiliza ule mnyororo mpaka ukaisha.

"Nikiimba hivyo," akasema, "zile nyingine zote zitakuwa uongo. Za Speciosa. Watu walizililia."

"Hata mimi nililia," nikamwambia. "Jumapili uje unirudishie machozi yangu."

Jumapili nilikuwa sina hakika kama atakuja. Sebule ya Yasser ilijaa. Feruzi alikaa karibu na mlango pamoja na mama yake, ambaye alivaa miwani myeusi na alikuwa anageuza uso kila upande, anafurahia tu kuona watu. Aya alikuwa nyuma ya pazia, nyayo zake zinaonekana. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita. Yasser akaangalia saa, akaiangalia tena.

Melkiades akaingia amenyoa ndevu vibaya. Tangu Alhamisi hakuonja pombe, kwa sababu ile chupa ilikuwa kwangu, nimeificha ndani ya pipa la vipande vya vitambaa. Hakusalimia kwa marefu. Akasema, "Amahoro," akakaa, akakaza ule waya wa breki, akaimba:

Nilikunywa baiskeli, nikaanza na kengele.

Watu wakacheka, walishazoea kucheka hapo. Akaendelea. Nikainywa tairi ya nyuma. Nikanywa shuka la kitanda. Kicheko kikapungua, kikabaki kwa mtu mmoja, halafu na yeye akanyamaza. Mwisho akaweka mistari ambayo sikuwahi kuisikia:

Mwizi hakuvunja mlango, ufunguo nilikuwa nao,
nikamwimba mke wangu vibaya, watu wakatoa machozi yao.

Wimbo huo ulifika mpaka Nyanza-Lac baadaye, na Speciosa alituma jibu la neno moja: Nimesikia. Melkiades alinionyesha telefone mara kumi. "Nafsi ya kwanza, wakati timilifu," alisema, na alifurahi kupita kiasi. Amerudi au hakurudi, hilo ni lao. Chupa anayo, nilimrudishia, na siku nyingi ina chai. Akinimiminia nanusa kwanza.

Lakini siku ile sebuleni mambo yalikuwa bado. Yasser akamgeukia Feruzi, akamwomba samahani mbele ya mama yake. Nikashusha pumzi. Mimi nilidhani tumemaliza, nikaanza hata kuulizia vikombe.

"Sasa nani alisema ni huyu kijana?" Yasser akauliza.

"Watu," nikajibu haraka. "Ilisemwa tu."

Melkiades alikuwa analegeza waya zake, hajainua hata macho. "Ilisemwa na nafsi ya ngapi, Mama Fahmi?"

Nyayo nyuma ya pazia zilisogea mbele. Nafsi ikanisuta mpaka masikio yakawa moto. Fundi baiskeli, mlevi, kaweza kuimba jina lake mbele ya ukoo usio wake, na mimi nimekaa kwenye kiti cha kaka yangu nasema ilisemwa. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

"Nilisema mimi," nikasema.

Nikawaeleza. Feruzi alikuja kupimwa kanzu ya harusi. Alipotoka kwa miguu, nikawaambia wateja wawili waliokuwepo, "Mwoneni, ndiye aliyekunywa baiskeli." Nilitaka wacheke, na walicheka. Jioni maneno yalikuwa Minago, na mimi sikuyarudisha, kwa sababu yalikuwa yanapendeza.

Feruzi ndiye aliyefungua mdomo.

"Nilijua, shangazi. Siku ile nilikuwa nje ya mlango wako, nafunga kamba ya kiatu."

"Mbona hukuniambia?" Yasser akamuuliza.

"Ningekuambia mimi, ungesema namsingizia dada yako," Feruzi akasema. "Nikamwachia mwenyewe aseme."

Harusi ilikuwa Ijumaa ya pili yake. Kanzu nilimshonea mimi, na mshono wa bega niliufumua mara tatu kabla sijaridhika.