Sifuri ya Jumanne

Mwanangu Mbeyu, ipo Jumanne moja ambayo nikiikumbuka hata leo masikio huniwaka. Nakuita mwanangu ingawa mvi bado sina. Mama mdogo ni mama, na wewe wiki ijayo unapanda kule kule nilikopanda mimi.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, mtoto wa Magogoni ya Mombasa mwenye swali kwa kila mtu. Kuuliza si ujinga, nami niliuliza hadi mchungaji wetu akawa akiniona anabadili njia. Nikapelekwa miezi mitatu ya mafunzo ya utafiti, niandike ripoti kwa msimamizi, kwenye kijiji kidogo juu ya milima ya Taita, ambacho watafiti hukijia kutoka mbali kwa ajili ya ndege na vyura wake. Usidhani wenyeji wanatazama tu. Mtoto wa darasa la tatu atakutajia ndege kwa jina lake la kisayansi kabla hajakuuliza lako.

Mwenyeji wangu, Mzee Mwakio, alikuwa mkulima wa kabichi. Tangu ujana wake, kila siku saa tatu asubuhi, alikwenda kwenye kopo la kupimia mvua nyuma ya kanisa, akasoma, akaandika daftarini. Siku ya kwanza tu nikamuuliza, "Mzee, utajuaje kopo lako haliongopi?" Hakukasirika. Akanionyesha kopo la pili, alilolitega shambani ili alinganishe. "Swali zuri," akasema. "Uliza hivyo hivyo kwa kila kitu."

Jumatatu moja akaniambia anashuka mjini kesho yake alfajiri kumuuguza dada yake, atarudi Alhamisi. Akaniachia daftari. Mwanangu, baridi ya kule haisimuliki. Jumanne niliamka saa sita, jua linawaka, ua umekauka, simu nayo inaonyesha anga jeupe. Nikaandika sifuri bila kulifikia kopo. Jumatano nikawahi, nikakuta maji, nikayaandika kuwa ya Jumatano.

Mzee aliporudi alifungua daftari, akaweka kidole kwenye sifuri ya Jumanne.

"Kadzo."

"Abee, mzee."

"Jumanne alfajiri nililowa hadi soksi nikisubiri gari hapa hapa kijijini. Kumbe mvua ile ilininyeshea mimi peke yangu?"

"Nilitazama ua, mzee, ulikuwa mkavu..."

"Kopo je?"

Nikajitia kutafuta kalamu.

"Kiswahili chote mnacho ninyi wa Mombasa. Neno 'sikutazama' mmeliangusha kwenye daraja la Nyali?"

Nikachukua kifutio. Akanizuia mkono. Watafiti walilinakili daftari lile, na wakulima walilitegemea kujua kama mvua inapungua na wapande nini. Alitaka nipige mstari mmoja, sifuri ibaki inasomeka, na siku zote mbili niandike kando kilichotokea, na jina langu. Sasa ndipo nilipoogopa: msimamizi wangu angeliona, na ripoti yangu ilikuwa mikononi mwake. Nilikuwa nimemhoji kila mtu mlimani, ila mwandishi wa sifuri ile. Nyani haoni kundule.

Niliandika. Mwandiko wenyewe ulikuwa kama wa kuku.

Msimamizi alipofika aliniuliza maswali mawili makali, akaipokea ripoti. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba wiki iliyofuata Mzee alishuka tena, na daftari akanipa mimi.

"Mimi tena, mzee?"

"Sasa najua ukikosa utasema."

Basi uliza, mwanangu. Usikubali mtu akuzime. Ila swali la kwanza liwe lako mwenyewe: nimeona, au nimedhani? Usipoona, andika hukuona. Nafasi tupu haimdanganyi mtu, na njia ya mwongo ni fupi hata huko kwenye mlima mrefu. Beba sweta mbili. Ukimkuta Mzee, usingoje akuanze. Mpe shikamoo yake kwanza, kisha maswali yako.

Mungu akupandishe salama, akupe macho yasiyosinzia saa tatu. Na siku yatakaposinzia, akupe ulimi wa kusema.