Nafasi ya Mshono

Fundi viatu huyu wateja walimwita Soli, na jina likamganda hata mkewe akalizoea. Miaka thelathini alikalia kigoda kilekile, mlangoni mwa duka lenye upana wa meza mbili, na katika miaka hiyo msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ulikuwa umemchoma mara zisizo na idadi. Dawa yake ilikuwa moja. Alifyonza damu, akatema, akadondosha gundi ya viatu juu ya tundu, akaipuliza ikauke, kazi ikaendelea.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alikuwa akisema, akijiona daktari kamili. Mafundi wenzake hufanya hivyohivyo, na ukiwakanya wanakucheka.

Jumatano msharasi uliteleza ukamwingia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ule unaoshika kiatu. Alikuwa anamshonea mwalimu mmoja ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kuliko mwenzake. Kiatu cha upande huo kilitakiwa kiwe na soli nene kama tofali, na mwalimu angekuja Jumamosi. Tundu likapata gundi yake kama kawaida.

Alhamisi jioni kidole kilikuwa kimevimba, kinang'aa, kina moto, na wekundu umeshapanda mgongo wa kiganja. Mkewe hakubembeleza mtu. Alifunga duka yeye mwenyewe, akampeleka zahanati.

Nesi alibandua gundi kwa koleo ndogo. Usaha ukatoka.

"Mzee, hivi vijidudu tunaishi navyo kwenye ngozi siku zote, mimi na wewe," alisema. "Havina neno mpaka vipate mlango. Wewe umevifungulia, halafu ukavifungia humohumo ndani."

"Nilikuwa naziba, binti yangu."

"Uliziba na nini? Ungeosha tu kwa maji na sabuni."

Akampa vidonge, kisha akachukua kalamu na kuchora mstari kuzunguka kifundo cha mkono, pale wekundu ulipokomea. "Wekundu ukivuka hapa, nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo. Ukienea, mkono unaweza kukatwa. Ukiingia kwenye damu, ni maisha yako. Umenisikia?"

Alisikia. Masikio yake hayakuwa na kasoro.

Ijumaa asubuhi, peke yake dukani, aliukunja mkono wa shati akaona wekundu umeuvuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Akatazama kiatu cha mwalimu: kilibaki kisigino tu. Akatazama mkono tena. Halafu, Mungu amsamehe, alichovya pamba kwenye spiriti, akaufuta mstari wa nesi, akachukua kalamu yake ya kuchorea ngozi na kuchora mwingine juu zaidi.

Adhuhuri mkewe alikuja kumkagua. "Hebu nione."

"Si huu hapa. Wekundu bado uko ndani ya mstari."

Mkewe akashusha pumzi, akarudi nyumbani akiwa na amani ya watu wawili.

Lakini kisigino hakikuisha. Mkono wa kushoto ulikataa kushika, na kufikia alasiri meno ya Soli yalikuwa yanagongana juani. Mkewe aliporudi na kumkuta hivyo, alimkamata mkono akausogeza kwenye mwanga wa mlango. Alitazama kwa muda mrefu. Mama huyu alikuwa amekata ngozi kwa kufuata mistari ya mumewe tangu walipooana.

"Nesi alichora ukingoni kabisa mwa wekundu," alisema polepole. "Huu mstari umeacha nafasi ya mshono."

Kweli, uliacha. Kuzunguka mkono mzima, nusu kidole, sawasawa, kama anavyoacha kwenye kila kipande ili sindano ipate pa kupita. Mkono wake ulikuwa umezoea hivyo, na hata wakati wa kudanganya haukusahau.

"Mama watoto..."

"Umechora mwenyewe!"

"Nilitaka nimalize kisigino tu."

"Na mimi mchana kutwa namshukuru Mungu kwa mstari wako!" Sauti ilimpasuka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, baba. Wewe umeyaficha hata kwangu?"

Soli aliona haya, akakiweka kiatu chini, akainuka kumfuata.

Hospitali kubwa, daktari alibonyeza mkono, akauliza wekundu ulivuka lini. Soli alifumba macho, akasema kweli: asubuhi. Daktari alitikisa kichwa, akaagiza sindano za mshipani na chumba cha upasuaji. Kisha naye akatoa kalamu, akachora mstari wa tatu, kwenye shina la kidole cha shahada.

Mstari huo Soli aliutambua bila kuelezwa. Ulikuwa wa kukatia.

"Umeacha nafasi, daktari?" aliuliza.

"Nikiwahi, nakuachia kiganja."

Aliwahi. Kidole kilikwenda, mkono ukabaki.

Jumamosi asubuhi, mumewe akiwa bado wodini, mama watoto alifungua duka, akanawa mikono kwa sabuni, akakaa kwenye kigoda na kumalizia kisigino cha mwalimu. Kilimchukua nusu saa. Angeambiwa Ijumaa, angekimaliza Ijumaa.