Betri za Nalongo

Hapa Nkoma, mpangaji wangu huanika betri za tochi juani, zipate nguvu ya mwisho. Nikisikia harufu ile ya bati lililochomwa na jua, huwa mtoto tena. Narudi Budondo, uani kwa Nalongo.

Nalongo, mama wa mapacha, alikuwa jirani yetu. Pacha mmoja alikufa mchanga. Aliyebaki, Waiswa, ndiye aliyenifundisha kupanda mti. Nalongo alikuwa na redio lakini hana Kiswahili. Mimi, binti wa askari mstaafu Mnubi, nilikuwa na Kiswahili cha jeshini lakini sina redio. Basi vita vilipoanza, kila alipohutubia redioni rais, Mkubwa wa nchi, nilisimama juu ya kinu kilichopinduliwa nikatafsiri kwa Kisoga, nikiinenepesha sauti kama yake. Adui amekimbia! Ushindi ni wetu! Watu walipiga makofi, wakanijaza karanga, nami nikavimba kichwa. Waiswa alinisikiliza siku tatu, ya nne akaenda kujiandikisha jeshini.

Miezi ikapita. Siku moja hotuba ilipokwisha, Nalongo hakupiga makofi.

"Mwana wange, hajasema vijana wanarudi lini?"

Hakuwa amesema. Lakini ua mzima ulinitazama, na sikuzoea kushuka kinuni kimyakimya.

"Amesema Ijumaa," nikajibu.

Jamani, makofi yale!

Alhamisi Nalongo alikandika upya chumba cha Waiswa, akamfunga jogoo kamba mguuni. Ijumaa askari walipita kweli, lakini pekupeku, wakikwepa barabara kuu, wakiuliza njia ya Mbale. Nalongo alimshika kila mmoja mkono akimtajia jina la mwanawe.

"Mama, usingoje," mmoja alimwambia kwa Kisoga kibovu. "Kule watu nakwisha."

Jioni alimfungua jogoo. Hakunigombeza. Asubuhi nilimkuta akianika betri. "Labda ilikuwa Ijumaa nyingine," alisema.

Mkubwa alipokimbia nchi, wazee walicheka: njia ya mwongo ni fupi. Nilicheka nao, mjinga mimi. Nilikuwa nimeshazaa ndipo nikaelewa, mwanangu aliposafiri nami nikakaa kuhesabu siku, kwamba Nalongo hakuwahi kumwamini Mkubwa. Maneno yake hata hakuyajua. Aliniamini mimi.

Alikufa akiwa bado na redio ile, akimngoja Waiswa, na sikupata kumwambia. Mkubwa alisema uongo mwingi, lakini Ijumaa ile niliisema mimi.